Mama akipelekwa safari ndefu ya gari Marekani

Wazazi wengi wanaokwenda Marekani kuwatembelea watoto wao huja kwanza kupimwa presha na sukari, na karibu wote huuliza juu ya ndege. Wachache huuliza juu ya gari. Lakini juma moja baada ya kufika, kijana anayeishi Minneapolis humchukua mama kumpeleka kwa dada yake Dallas, mwendo wa kilomita 1,500 hivi.

Njia ni za aina mbili. Kuna barabara kuu za kitaifa zilizojengwa chini ya sheria ya mwaka wa 1956; ya Minneapolis hadi Dallas ni nambari 35. Magari yaendayo na yarudiyo hutenganishwa, na hakuna njia panda. Kuna pia barabara ndogo za zamani, kama nambari 69 inayofuatana nayo kule Iowa, zipitazo katikati ya miji midogo na mashamba ya mahindi. Vijana huzipenda kwa mandhari, na kweli zinapendeza.

Kuhusu ajali hakuna ubishi. Kwa kila maili inayosafiriwa, barabara kuu huua watu wachache kuliko barabara nyingine za mashambani, kwani dereva halazimiki kuingia upande wa wenzake ili kulipita lori. Aliyewahi kufuata lori Sachangwan ataelewa. Ubaya wake ni kwamba imenyooka mno, na dereva huweza kusinzia macho yakiwa wazi. Apumzike kila saa mbili, au ampe mwenzake usukani. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio si dawa ya usingizi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni damu kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2007 kwamba hatari hii huongezeka karibu maradufu mtu akiketi safarini saa nne au zaidi, awe katika ndege, gari, basi au treni. Kwa mtu mwenye afya ni hatari ndogo, kama mmoja kati ya 6,000. Mama mnene wa miaka 65 aliyeshuka ndege juzi si huyo. Hatari hudumu majuma kadhaa, na safari zikifuatana huongezeka.

Kwa hiyo mama asimame na kutembea kila baada ya saa mbili. Hapa tena naipendelea barabara kuu, kwa kuwa ina vituo vya kupumzikia vyenye vyoo. Wazee wanaomeza dawa ya presha inayoongeza mkojo huacha kunywa maji kwa kuona haya kumwambia mtoto asimamishe gari kila mara. Mwishowe hushikwa na kizunguzungu. Ewe kijana, simama bila kuombwa.

Barabara ndogo mwonyeshe mchana, kwa saa moja au mbili, kisha mrudi kwenye ile kuu. Safari yenyewe igawanywe siku mbili. Insulini isiwekwe kwenye buti wakati wa joto.

Baadaye shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Akihema kwa shida au kifua kikimchoma, pigeni 911 papo hapo. Msingoje arudi Nairobi kuniona.