Meno ya Bandia na Usafi wa Kinywa

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo wazee wetu wengi hulificha, nalo ni meno ya bandia. Katika mitaa ya Tandale, Mwananyamala, Keko na Mbagala wako watu wengi wayatumiao, na baadhi yao hawayatoi kinywani usiku wala mchana. Sababu yake twaijua. Mtu akaaye katika nyumba ya vyumba sita, kila chumba na jamaa yake, hunawa uso uani machoni pa watu wote. Atayatoaje meno yake mbele ya mpangaji mwenzake, au mbele ya mkwe? Naye alalaye chumba kimoja na wajukuu huchelea kuchekwa. Basi hulala nayo.

Lakini aibu hii ina madhara. Chini ya meno hayo ufizi na kaakaa havipumziki, wala mate hayafiki kuviosha. Ukoga hushika juu ya plastiki kama ushikavyo juu ya jino la kweli, na namna ya kuvu iitwayo kandida humea humo, hata kaakaa likawa jekundu. Pengine lawasha, pengine haliumi kabisa, na mwenyewe asijue. Tena imeonekana kwamba wazee walalao na meno ya bandia hupatwa na kichomi, yaani nimonia, zaidi kuliko wayatoao. Na yule mwenye jino moja au mawili tu ya bandia aweza kuyameza usingizini. Plastiki yake kwa kawaida haionekani katika picha ya eksirei, na daktari hupata taabu kuitafuta.

Dawa ya aibu hiyo si ghali. Yafaa kikopo chenye kifuniko, kisichoonyesha kilichomo, pamoja na maji safi ya baridi yatoshayo kuyafunika meno. Yakiachwa yakauke huharibika umbo. Kifuniko huzuia mende na mikono ya watoto. Asiyafunge katika karatasi, maana asubuhi afagiaye huyatupa pamoja na takataka. Nasi tulio vijana wa nyumba yatupasa kumpelekea mzee beseni na maji chumbani, kisha tutoke nje. Tusingoje atuombe.

Kuyaosha ni kazi ya dakika chache. Ayaoshe juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Atumie mswaki laini na sabuni ya kawaida, kisha ayasuuze sana. Dawa ya meno ina chembe zikwaruzazo plastiki, na ukoga hupenda kukaa katika mikwaruzo. Mchanga na mkaa ni vibaya zaidi. Maji ya moto huyapinda, yasikae tena mahali pake. Hata asiye na jino lolote lake mwenyewe asugue ufizi, ulimi na kaakaa kwa kitambaa safi au mswaki laini. Aliyebakiwa na meno yake ayasugue mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kwani hayo ndiyo yashikayo yale ya bandia. (Mswaki wa mti, ambao ndio uliokuwa na jina hilo kwanza, wafaa pia kwa meno ya kweli, mradi mtu asiuchome ufizi.)

Baada ya meno kung'olewa, taya hupungua mwaka hata mwaka, na zaidi katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana meno yaliyokaa vema jana hulegea na kuchubua. Hapo wengine huyakwangua kwa kisu, au yakivunjika huyaunga kwa gundi ya dukani. Gundi hiyo haikutengenezwa kwa kinywa cha mtu, na vipande vilivyoungwa kombo hutia kidonda. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zina madaktari wa meno, na huko Muhimbili madaktari hao wamefundishwa tangu mwaka 1979. Aende na meno yenyewe, hata yakiwa vipande.

Kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma mawili kisingojwe, hata kama hakiumi. Huenda ni msuguano tu. Huenda ni saratani, hasa kwa mtu atumiaye ugoro au tumbaku. Ayatoe meno, aende akaangaliwe juma hilo hilo.