Mwisho wa Mshororo katika Faili za Kompyuta

Mwanafunzi akusanyaye mashairi ya wazee wa Makina, Kibera, akiyachapa katika kompyuta ya Linux kisha akampelekea msimamizi wake mwenye Windows, beti zaweza kuporomoka njiani. Linux hufunga mstari kwa alama moja isiyoonekana, nambari 10. Windows hutumia mbili, 13 na 10, urithi wa mashine za teleprinta: ya kwanza ilirudisha kichapio mwanzoni mwa mstari, ya pili ikasogeza karatasi.

Notepad ya kabla ya 2018 haikuitambua 10 iliyo peke yake. Tarbia nzima ilitokea kama mstari mmoja mrefu, vina vya kati visipambanuke na vya mwisho. Kosa la kinyume ni la hila zaidi, kwani halishtui: programu ikihesabu 13 na 10 kuwa miisho miwili, nafasi tupu hutenga kila mshororo na mwenzake, na tarbia ikafanana na tathmina. Mhakiki asiyepata kumsikia malenga akighani ataliainisha shairi hivyo hivyo.

Notepad++ huonyesha aina ya miisho chini ya dirisha na kuibadilisha. Katika Linux, dos2unix hufanya kazi hiyo. Aidha, mkusanyaji na aandike juu ya faili idadi ya beti na ya mishororo katika kila ubeti, ili mpokeaji ahesabu kabla ya kuhakiki.