Adabu ya Kupanda Mlima na Mwenzi Mgumu



Imamu Ghazali, katika mlango wa adabu za safari, ameeleza ya kuwa safari imepewa jina hilo kwa sababu hufunua tabia za watu. Kwani katika lugha ya Kiarabu shina la neno lenyewe lina maana ya kufunua. Na imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar aliletewa mtu amshuhudie mwenziwe kwa wema. Akamwuliza kama ni jirani yake, na kama amepata kuamiliana naye kwa fedha, na kama amesafiri naye. Yule mtu akajibu la kwa yote matatu, na Sayyidna Umar akamwambia ya kuwa basi hamjui.

Maneno haya yajulikana na wengi. Lakini safari si za namna moja, na adabu zake si za namna moja. Wasafiri wawili wakichokana mjini, kila mmoja hutafuta nyumba yake. Wakichokana njiani penye miji, mmoja hutangulia na mwingine hufuata kesho. Hata Nabii Musa na mja mwema aliyefuatana naye, walipofika mara ya tatu ya kutopatana, waliagana kwa amani. Juu ya mlima mrefu hapana kuagana. Anayemwacha mwenziwe huko, au kuachwa naye, hakuacha ugomvi, bali ameacha uhai mahali pa baridi. Kwa hiyo mwenzi mgumu wa mlimani ana somo lake mbali.

Mfano ulio karibu ni Kilimanjaro. Watu wa pwani waliujua mlima huu kwa misafara yao tangu zamani. Johannes Rebmann alipotoka Rabai mwaka 1848 na kuiona theluji tarehe 11 Mei, aliongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezizoea njia za bara. Na juu ya kile cheupe kilichokuwa kileleni, kiongozi wake alikiita baridi tu. Jawabu hilo si baya. Baadhi ya wataalamu wa Uingereza, waliokuwa hawajakanyaga nchi hii, walikataa kwa miaka mingi kusadiki ya kuwa pana theluji karibu na ikweta. Na mtu wa msafara, asiyekuwa na jina la kitu chenyewe, alikwisha kuijua sifa yake.

Kilele chake kiitwacho Uhuru kina kimo cha mita 5,895. Kwa njia ya Marangu wasafiri hulala Mandara, karibu na mita 2,700. Kisha Horombo, karibu na 3,700. Kisha Kibo, karibu na 4,700. Na kutoka hapo huondoka kiasi cha usiku wa manane kwenda juu. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa ipunguavyo uzito, hata kileleni pumzi moja humpa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo pumzi kama hiyo ingempa Mombasa au Tanga. Madaktari wa mambo ya milima washauri ya kuwa mtu akiisha kupita mita 3,000 asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kila usiku, na kila siku tatu au nne apumzike siku moja pasipo kuongeza kimo. Msomaji akizitazama namba za vituo ataona mara moja ya kuwa njia hiyo hupanda mara mbili ya kadiri. Ndiyo maana wenye busara hulala Horombo usiku wa pili, na wenye haraka huona ya kuwa siku hiyo ni fedha iliyopotea.

Sasa na wachukuliwe watu wawili, wapewe majina ya vitabuni, Zaidi na Amri. Zaidi ni mtu wa taratibu. Amri ni mtu ambaye kila mmoja amepata kusafiri naye japo mara moja. Siku ya kwanza msituni hutangulia mbio, akawangoja wenziwe penye kivuli ili awaulize mbona wamechelewa. Chai kwake ni ya baridi, wali ni mbichi, hema limewekwa kombo. Wapagazi huwasemesha kwa sauti ambayo nyumbani haitumii hata kwa mbuzi. Akiambiwa anywe maji asema hana kiu. Akiambiwa polepole, neno ambalo viongozi wa mlima huu hulirudia mchana kutwa, asema yeye si mgonjwa. Jioni ya pili, Horombo, Zaidi amekwisha kuazimia moyoni ya kuwa wakirudi salama hatasafiri tena na mtu huyu. Na azimio hilo lafaa kabisa. Kosa la Zaidi laja baadaye.

Siku ya tatu, katika jangwa la mawe lililo kati ya Mawenzi na Kibo, Amri akanyamaza. Hakulalamika juu ya chakula, kwa sababu hakula. Hakutangulia tena, alikuja nyuma, kichwa chini. Mpagazi alipomsaidia kuvua shanta hakumkaripia. Zaidi akafurahi, akasema moyoni ya kuwa mlima umemtia adabu, akalala kwa raha.

Hapo ndipo pa kusimama, kwani watu wengi wenye nia njema hupotea papa hapa. Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kuumwa kichwa, na pamoja nacho kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio na kadiri, kukosa hamu ya chakula na usingizi wa kukatikakatika. Mtu mwenye hayo yote atakuwaje mpole? Basi ukali wa mlimani una asili mbili: uko ule ambao mtu alitoka nao kwao, na uko ule aliotiwa na hewa. Wa kwanza huvumiliwa, wa pili hutibiwa. Na asiyejua kupambanua huuvumilia ugonjwa na kuilaumu hewa kwa tabia mbaya. Ugonjwa ukizidi, ubongo huvimba. Hapo mgonjwa hupepesuka kama mlevi, maneno humchanganyikia, na tabia hugeuka: aliyekuwa mpole akawa mkali, na aliyekuwa msemaji akanyamaza. Kunyamaza ndiko kudanganyako zaidi, kwani mwenzi mgumu akinyamaza hapana amwulizaye kwa nini. Kila mtu hushukuru. Kwa hiyo kipimo cha mgonjwa si wema wala ubaya wa maneno yake, bali ni kugeuka kwake kutoka katika mazoea yake. Na ajuaye mazoea ya Amri ni Zaidi, si kiongozi aliyeonana naye siku tatu tu.

Jaribio lake ni jepesi. Mtu huambiwa atembee juu ya mstari ulionyoka, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule, kama atembeavyo mtoto juu ya gogo. Akiyumba na kutoka mstarini, ateremshwe saa ile ile, ijapokuwa ni usiku, wala asiteremshwe peke yake. Kadhalika anayetweta hali ameketi, au kukohoa mfululizo, na hasa akitoa povu lenye rangi ya damu. Huyo mapafu yake yameingia maji, naye hana muda. Dawa ziko, na oksijeni ya chupa iko, na zote zafaa. Lakini haziwi badala ya kuteremka. Aghalabu kushuka mita 500 hata 1,000 humrudishia mtu nafsi yake. Wala nguvu za mwili si kinga. Kijana mcheza mpira huweza kuugua mahali ambapo mzee wa miaka sitini amepita salama, na sababu moja ni ile ile ya Amri: mwenye nguvu hukimbia.

Imepokewa katika hadithi ya kuwa watu watatu wakitoka safarini na wamfanye mmoja wao amiri. Katika Kilimanjaro sheria ya hifadhi hairuhusu kupanda pasipo kiongozi mwenye idhini, basi katika mambo ya kuteremka yeye ndiye amiri, hata kama msafiri ndiye aliyelipa. Hili lisemwe mjini, siku ya kufunga mizigo, mbele ya watu wote, nao walikubali kwa ulimi. Akishaugua, Amri hatakubali neno. Ubongo uliovimba haujijui, na kila mgonjwa wa namna hii husema yu mzima. Lililokubaliwa Moshi ndilo litakalomshusha. Na yakubaliwe pamoja nalo haya: saa ya kugeuka nyuma, kilele kimefikiwa ama hakikufikiwa, nani atakayeshuka na atakayeugua, na kuwa kila asubuhi na kila jioni kila mtu ataulizwa habari za kichwa chake na tumbo lake, naye atasema kweli. Mzigo wa mpagazi usipite kilo 20, na maneno mabaya asibebeshwe kabisa. Juu ya sala, mwenye kujua hukumu zake hamchelewishi mtu: safari imepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na msafiri ana siku tatu za kupaka maji juu ya khofu zake. Ugomvi mwingi wa njiani huzushwa na mtu anayeyafanya mazito yale ambayo sheria imeyafanya mepesi.

Kuhusu kugeuka nyuma, yafaa kukumbuka habari za Hans Meyer. Mwaka 1887 alipanda na Eberstein, na kilele hawakukipata. Mwaka 1888 alikuja na Oscar Baumann, nao wakatekwa katika siku za vita vya Abushiri kabla ya kuufikia mlima, wakakombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, mzoefu wa milima ya Ulaya, na safari hii akaweka kambi juu, chakula kikiletwa kutoka Marangu. Na Mwini Amani, mtu wa Pangani, akakaa nao katika baridi ile akiwapikia. Tarehe 3 Oktoba wale wawili walifika ukingo wa shimo la Kibo, wakakiona kilele ng'ambo, wakaona pia ya kuwa nguvu zimekwisha. Wakarudi. Tarehe 6 wakapanda tena wakafika. Baina ya tarehe hizo mbili hapana jambo la ajabu: walikula, walilala, na hapana aliyemlaumu mwenziwe hata wakashindwa kutoka pamoja mara ya pili. Watu humsifu Meyer kwa tarehe 6. Ile ya 3 ndiyo ngumu.

Na kumbakiza mtu kambini kwa mapatano si kumtupa. Mwaka 1943 Waitalia watatu, wafungwa wa vita, walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Mmoja wao, aitwaye Barsotti, hakuwa na afya ya kupanda, naye alijua tangu mwanzo ya kuwa atabaki kwenye hema la chini. Benuzzi na Balletto walishindwa na kilele kikubwa, wakapata Lenana, wakamrudia mwenzao, na wote watatu wakarudi kwa miguu yao kifungoni. Aliyebaki aliambiwa kabla. Hakuamka akakuta hema tupu.

Basi usiku ule, Kibo, waliamshwa kabla ya saa sita. Amri alivaa viatu polepole, akafunga kamba za kiatu kimoja mara mbili na kusahau cha pili. Zaidi aliona, akadhani ni usingizi. Wakapanda kwa taa za kichwani juu ya kokoto zinazoteleza, hatua moja mbele na nusu nyuma. Baada ya saa mbili kiongozi alimwuliza Amri kama yu mzima, akajibu yu mzima. Zaidi alikuwa mbele. Kileleni palikuwa pamebaki saa chache, anga lilikuwa safi, na miaka miwili alikuwa akiiweka akiba ya safari hii. Ndipo ikamjia ya kuwa tangu jana adhuhuri hajasikia lalamiko hata moja.

Akarudi chini hatua zile alizozipanda kwa taabu, akamwangaza mwenziwe usoni, akamwuliza chai ya Kibo ilikuwaje. Amri akasema: nzuri.

Zaidi akamwita kiongozi. Palitafutwa mahali pa sawa, ukachorwa mstari kwa fimbo, na Amri akaambiwa atembee. Hatua ya tatu aliangukia mikononi mwa mpagazi. Alipoambiwa kuwa wanashuka alikataa, akakumbushwa neno la Moshi, akakataa tena, wakamshika huku na huku. Kiongozi mmoja aliendelea na wengine wa msafara. Zaidi akageuka pamoja na mwenziwe, pasipo kuulizwa, kwa kuwa jambo hilo lilikwisha kuandikwa katika mapatano. Walipita Kibo pasipo kulala. Jua lilipanda nyuma ya Mawenzi wakiwa wamefika nusu ya jangwa, na Amri alikuwa akitembea kwa miguu yake, amenyamaza bado.

Walifika Horombo mchana. Mpishi akaleta kikombe. Amri akakishika kwa mikono miwili, akaonja, akakitazama, akasema ya kuwa chai hii ni ya baridi, na ya kuwa katika mlima mzima hapana mtu ajuaye kuchemsha maji. Zaidi akainamisha kichwa juu ya magoti akacheka hata machozi yakamtoka, na mpishi, asiyejua sababu, akaenda kuleta kingine.