Namna ya kumchambua manyoya mbwa mwoga

Masika yakishapita, majani ya kandokando ya njia hukauka na mbegu zake hunasa kila kinachopita. Mbwa wa manyoya mafupi hujikung'uta mara mbili, zikaanguka. Mbwa wa manyoya marefu, awe chotara wa German Shepherd anayelinda nyumba Arusha au Maltese mdogo wa ghorofani Nairobi, hurudi na kishona nguo kimejaa kifuani na mbigiri katikati ya vidole. Zikikaa siku mbili tatu, manyoya husokotana kuzizunguka yakawa donge. Na ikiwa mbwa huyo ni mwoga, pengine aliwahi kupigwa au aliokotwa barabarani, kila kitana kikitokea yeye huingia uvunguni mwa kitanda.

Shika jambo moja kabla ya vifaa vyovyote: kinachouma ni ngozi, si manyoya. Kila unapovuta fundo, unavuta ngozi iliyo chini yake. Basi mkono wako wa kushoto una kazi kubwa kuliko wa kulia. Ubane manyoya kwa vidole kati ya fundo na ngozi, karibu kabisa na mwili, ili mvuto wote uishie vidoleni mwako. Ukizoea hilo peke yake, nusu ya woga wa mbwa huondoka, maana huona kwamba haumii.

Usimwogeshe kwanza. Wengi humkimbiza bombani wakidhani maji yatalainisha, kumbe manyoya yaliyosokotana yakilowa na kukauka hukaza zaidi na kung'ang'ania ngozi. Mchambue akiwa mkavu, josho lije baadaye. Mafuta ya taa nayo yaache jikoni, hata kama jirani anakusifia: huchoma ngozi, na mbwa akijilamba huyameza. Kinachofaa ni unga laini wa wanga wa mahindi, ule wa kuzitia uzito sosi, uliopakwa ndani ya fundo kwa ncha za vidole. Mafuta kidogo ya nazi pia husaidia, ingawa yatakulazimu kumwosha mbwa kwa sabuni yake ukimaliza.

Chagua saa ambayo ameshatembea na amechoka kidogo. Tandika gunia au zulia chakavu sakafuni, kwa sababu vigae vinavyoteleza humtia hofu hata kabla hujamgusa. Kaa chini, ubavu kwa ubavu naye, usimwinamie kwa juu. Mwonyeshe kitana, mpe kipande cha maini yaliyochemshwa, kifiche. Rudia hivyo mpaka akiona kitana aanze kutafuta maini. Hapo ndipo umguse, tena mahali anapopapenda, begani au kifuani. Mkia, tumbo na miguu ngoja siku nyingine. Mkiwa wawili, mmoja achambue na mwingine alishe. Asiwepo wa kumkandamiza.

Mtazame mwili wake. Kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kuonyesha weupe wa jicho, kurudisha masikio nyuma: yote hayo ni maneno yake ya kusema inatosha. Akikaza mwili ghafla na kutulia tuli, usifurahi, hiyo ni hofu iliyofika juu. Ondoa mkono. Akirudi mwenyewe, endelea. Akiondoka, mwache aende. Na akinguruma, usimpige kamwe. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kutoa onyo. Dakika tano kwa siku zinamtosha mbwa wa namna hii, hata kama fundo moja tu ndilo lililofunguka.

Mbegu ya kishona nguo ni kijiti chembamba cheusi chenye meno mawili au matatu nchani, nayo yana vimiiba vinavyoelekea nyuma. Ndiyo maana ukiing'oa kwa nguvu hutoka na kishungi cha manyoya. Isogeze taratibu kufuata unywele, kuelekea ncha yake, mpaka iteleze nje. Yale matunda yenye ndoano pande zote yabanwe kwanza kwa koleo hadi yapasuke. Yakivunjika hayana tena nguvu ya kushika, na vipande huokoteka kwa vidole. Vaa glavu. Angalia pia ulimi na fizi zake, kwa sababu mbwa hujaribu kuyang'oa kwa meno na vimiiba vikabaki kinywani.

Fundo lenyewe huanzwa nje kuingia ndani. Lipasue kwa vidole kama mtu anayechambua pamba, kisha pitisha kitana cha chuma chenye meno mapana kwenye ncha za manyoya tu. Ncha zikifunguka, panda kidogo kuelekea ngozi. Anayeanzia kwenye ngozi hulikaza fundo lote kwa mara moja.

Mkasi ni hatari kuliko unavyofikiri. Ngozi ya mbwa ni nyepesi na huvutwa juu ikaingia ndani ya fundo, hasa nyuma ya masikio na kwapani, na mkasi ukipita chini ya donge huikata bila wewe kuiona. Ikibidi kukata, chomeka kitana kati ya fundo na ngozi, ukate juu ya kitana. Donge lililolala bapa juu ya ngozi, lenye unyevu, harufu au kupe chini yake, mpelekee daktari wa mifugo. Anaweza kumpa dawa ya kumtuliza na kumnyoa kwa mashine. Kwa mbwa mwoga hilo ni jambo la huruma kuliko kumburura wiki nzima. Lakini usiombe anyolewe mwili mzima kwa sababu ya joto tu: manyoya ya tabaka mbili humkinga na jua, na wakati mwingine hayarudi yalivyokuwa.

Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mbwa wako na jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza.

Kila mkitoka matembezini, pitisha vidole nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo na katikati ya vidole. Masuke ya nyasi kavu huweza kuingia sikioni au kupenya ngozi na kuendelea kwenda ndani. Mbwa anayetikisa kichwa mfululizo, au anayelamba wayo mmoja hadi unavimba, aonwe na daktari siku hiyo. Usichokonoe sikio kwa pamba.