Ardhi ni Amana



Wengi wetu tusikiapo neno amana hukumbuka fedha iliyowekwa kwa mtu mwaminifu. Lakini udongo tunaoukanyaga nao ni amana: tumeupokea kwa waliotangulia, na yatupasa kuwakabidhi watakaofuata. Katika somo hili tumtazame mkulima mmoja aliyeifanya amana hiyo kuwa kazi ya umri wake.

Yacouba Sawadogo alikuwa mkulima wa Gourga, kaskazini ya Burkina Faso. Utotoni alipelekwa Mali kusoma chuo cha Kurani; baadaye akawa mfanyabiashara katika soko la Ouahigouya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukame ulilikumba eneo lile, ardhi ikakauka na kuwa ngumu kama sakafu, na watu wengi wakahama. Yeye aliacha biashara, akarudi shambani.

Je, alifanya nini? Aliichukua njia ya wazee iitwayo zai, yaani kuchimba vishimo vidogo ili vipokee maji ya mvua, akaitengeneza upya. Alivichimba vipana na virefu zaidi kuliko desturi, akatia samadi ndani yake, na kupanga mistari ya mawe ili maji yasikimbie na udongo. Samadi iliwavuta mchwa, nao walipotoboa njia zao chini, maji yakapata pa kupenya. Hivyo mdudu ahesabiwaye kuwa adui akawa msaidizi. Tena, mbegu za miti zilizokuwamo katika samadi zikaota pamoja na mtama, naye hakuzing'oa. Mwishowe ukapatikana msitu penye jangwa.

Hapa pana mafunzo matatu.

Kwanza, elimu ya wazee isidharauliwe, wala isiachwe bila kuongezwa.

Pili, kazi hii yahitaji subira. Alichimba wakati wa kiangazi, kabla ya mvua, na watu wakamwita mwendawazimu. Hata msitu wake ulichomwa moto; akapanda tena. Baadaye, mji ulipopanuka, sehemu ya ardhi aliyoitunza ilipimwa viwanja vya nyumba. Hata hivyo hakuacha kazi.

Tatu, elimu haifichwi. Aliwakaribisha wakulima wa vijiji vingine, akawafundisha na kuwagawia mbegu.

Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Right Livelihood, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukamtukuza miongoni mwa Mabingwa wa Dunia. Alifariki Desemba 2023. Lakini tuzo zilikuja baada ya miaka karibu arobaini ya jembe. Asiyeweza kufanya kazi bila kusifiwa angalikuwa amekwisha iacha zamani.

Lazima tuseme pia kwamba zai si dawa ya kila shamba. Yafaa penye mvua chache na udongo mgumu, nayo yataka nguvu nyingi na samadi ya kutosha. Penye mteremko, matuta hufaa zaidi. Penye maji mengi, vishimo huozesha mazao. Kwa hiyo mhifadhi wa kweli huisoma kwanza ardhi yake.

Basi, ndugu, jiulize: kipande kilicho mikononi mwako, kiwe shamba au ua wa nyumba, utakikabidhi kikiwa bora kuliko ulivyokipokea? Kiangazi kijacho, kabla ya wingu la kwanza, ndio wakati wa kujibu kwa jembe. Mwenyezi Mungu atujaalie uaminifu.