Tovuti Nafuu kwa Kanisa na Kikundi Kidogo: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za sharika, parokia, vikundi vya akina mama na vituo vya kulelea watoto hapa Morogoro na mikoa jirani. Fedha za wateja hawa zinatokana na sadaka na michango, na kila shilingi ina shughuli inayoisubiri. Kwa hiyo swali lao la kwanza huwa ni moja: kutengeneza ni shilingi ngapi? Nami huwauliza: nani ataitunza? Kutengeneza hulipiwa mara moja, kutunza hulipiwa kila mwaka. Tovuti nafuu ni ile ambayo taasisi inaimiliki yenyewe na kuimudu hata fundi akihama mji. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na simu ya katibu

Kabla ya kuchora ukurasa wowote, huomba kukaa ofisini na katibu wa usharika, nisikie watu wanauliza nini. Simu ya kwanza: ibada ya kwanza Jumapili ni saa ngapi? Inayofuata: fomu ya ubatizo inapatikana wapi? Kisha kijana anayetaka kufunga ndoa anauliza aje na vyeti gani. Halafu msharika aliyehamia Dar es Salaam anataka kutuma ahadi yake, anaomba namba. Majibu ya maswali hayo ndiyo ukurasa wa mwanzo. Kamati nyingi hupenda kutanguliza historia, picha ya jengo na salamu za mchungaji. Hayo yana nafasi yake, lakini yakae baada ya ratiba.

2. Jina la tovuti lisajiliwe kwa taasisi

Jina la tovuti ni kama kiwanja: mwenye nacho ni yule aliyeandikwa kwenye hati. Tanzania mashirika yasiyo ya kibiashara hutumia majina yanayoishia na .or.tz, na Kenya .or.ke. Usajili una muda wake na lazima uhuishwe. Niliwahi kuitwa na kikundi kimoja ambacho jina lake lilisajiliwa na kijana aliyejitolea, kwa barua pepe yake binafsi. Alipokwenda masomoni nje, vikumbusho vya malipo vilimfuata yeye. Muda ukaisha, tovuti ikazimika, na anwani za barua pepe walizokuwa wakizitumia kuwasiliana na wafadhili zikazimika nayo. Tangu hapo sianzi kazi mpaka jina liwe limesajiliwa kwa taasisi, kwa barua pepe ya ofisi, na nenosiri likiwa mikononi mwa viongozi wawili.

3. Msomaji analipia bando

Wengi watafungua tovuti hiyo kwa simu, kwa kifurushi walichonunua. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kufika megabaiti 3 au 4. Weka picha 10 za sherehe ya kwaya bila kuzipunguza, na umemlia mtu megabaiti 30 na zaidi kabla hajasoma neno. Mimi huzipunguza hadi upana wa pikseli 1,200 hivi. Nyingi hushuka chini ya kilobaiti 200 na bado zinapendeza.

Jambo jingine ni matangazo. Ofisi nyingi huyachapa, huyapiga picha, kisha huipandisha picha hiyo. Nilimtazama mzee wa kanisa akiivuta picha kama hiyo kwa vidole viwili, kushoto, kulia, juu, akitafuta siku ya mkutano wa jumuiya yake. Tangazo lile lile likiandikwa kama maandishi husomeka mara moja, hutafutika, na halili bando.

4. Chagua mtambo kwa kumtazama mtunzaji

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ilianza mwaka 2003, haiuzwi, na katibu anayeweza kuandika barua pepe anaweza kufundishwa kuitumia. Lakini inahitaji kusasishwa mara kwa mara. Ikiachwa, hasa ikiwa imejazwa programu-jalizi nyingi, wadukuzi hupata mlango. Ikiwa ratiba hubadilika mara mbili tu kwa mwaka na hakuna wa kusasisha, kurasa chache za HTML tupu zinatosha. Hazina hifadhidata, hufunguka haraka, na zikikaa bila kuguswa haziharibiki kwa urahisi. Chagua kile ambacho mtu aliyepo leo anakiweza.

5. Gharama za kila mwaka ziingie kwenye bajeti

Baraza la wazee lipitishe kasma ya jina, hifadhi kwenye seva na malipo ya mtunzaji kabla kazi haijaanza. Usilipie kisicho na sababu ya kulipiwa. Cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye baadhi ya vivinjari, hutolewa bure na Let's Encrypt. Kwa kawaida hudumu siku 90, na seva iliyopangwa vizuri hukihuisha yenyewe. Kampuni nyingi za hifadhi zimeshakijumuisha katika huduma zao. Uliza kabla ya kulipa.

Bekapu nayo isiachiwe kampuni peke yake. Nakala ya tovuti nzima ikae pia kwenye diski ya ofisi, na mtu ajaribu kuirejesha angalau mara moja, ijulikane kwamba inafanya kazi.

6. Linda watu na sadaka zao

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto, za afya na za imani ya dini kuwa nyeti. Kwa hiyo orodha ya wagonjwa wa kuombewa isomwe kanisani, isipandishwe mtandaoni. Picha za watoto wa kituo ziwekwe kwa ridhaa ya wazazi au walezi, bila majina yao kamili.

Namba ya kupokea sadaka iwe imesajiliwa kwa jina la taasisi, kamwe isiwe ya simu ya mtu. Andika kando yake jina litakalotokea mtoaji anapotaka kuthibitisha malipo, ili asiliwe na matapeli. Na mhasibu aikague kila mwezi, tarakimu kwa tarakimu.

Kwako kiongozi unayefikiria kuwa na tovuti, nakuomba ujibu mambo matatu kabla ya kumwita fundi: jina litasajiliwa kwa nani, fedha za mwaka ujao zitatoka wapi, na nani atabadilisha ratiba ya Krismasi. Ukiwa na majibu hayo, hata kurasa nne zitawahudumia watu wako kwa miaka mingi. Usipokuwa nayo, subiri kwanza, na fedha hiyo ifanye kazi nyingine.