Sikio Moja, Wimbo Mzima: Namna ya Kutatua Shida za Sauti ya Mono Kwenye Simu

Shika simu yako na eafoni zako kabisa, maana tutajaribu vitu pamoja.

Tuanze na mfano. Kwaya ya vijana pale Mbinga mjini imerekodi wimbo wa Kwaresima. Wimbo unatumwa kwa WhatsApp, unateremka milima ya Umatengo mpaka Mbamba Bay na Lituhi, kule mwambao wa Ziwa Nyasa. Huko yupo binti ambaye sikio lake la kulia halisikii tangu utotoni. Anavaa eafoni, anabonyeza. Anasikia kinanda na sauti ya kwanza basi. Sauti ya tatu na ya nne zote ziko upande wa kulia, na upande wa kulia kwake ni ukimya. Anajifunza nusu ya wimbo. Siku ya mazoezi anaambiwa hakusikiliza vizuri. Jamani, kosa ni la nani hapo?

Shida hii ni ndogo, na dawa yake mara nyingi iko ndani ya simu yenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui iko wapi.

Mono na stereo ni nini?

Haya ni maneno yenye asili ya Kigiriki. Mono ni moja. Sauti ya mono ina njia moja tu: kinachosikika kushoto ndicho kinachosikika kulia. Stereo ina njia mbili, kushoto na kulia, na kila njia inaweza kubeba kitu tofauti. Ndiyo maana ukivaa eafoni unahisi gitaa liko huku na ngoma iko kule. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya mfumo huo mwaka 1931, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 santuri za stereo zikaenea madukani.

Stereo ni tamu kwa mwenye masikio mawili na eafoni nzima. Kwa mwenye sikio moja, au mwenye eafoni iliyokufa upande mmoja (na hao tuko wengi!), stereo inamnyima nusu ya kilichorekodiwa. Ukiwasha mono kwenye simu, simu haitupi upande wowote. Inachukua kushoto na kulia, inavijumlisha, kisha inapeleka vyote kila upande. Unapoteza ule utamu wa huku na kule, lakini humpotezi mwimbaji hata mmoja.

Kwanza tafuta tatizo liko wapi

Usikimbilie kununua eafoni mpya. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Geuza eafoni. Ya kushoto iweke kulia, ya kulia iweke kushoto. Kama ukimya umehama pamoja na eafoni, basi tatizo liko kwenye eafoni, kwenye simu au kwenye wimbo. Kama ukimya umebaki kwenye sikio lilelile, basi tatizo ni sikio, siyo simu. Hapo nisikilize vizuri: sikio likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku chache, wahi hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri wiki ipite, usitie mafuta wala kijiti. Kuna aina ya upotevu wa usikivu ambayo matibabu ya mapema ndiyo yanayotoa nafasi nzuri ya kupona.

2. Jaribu wimbo mwingine. Kama wimbo wa pili unasikika pande zote, simu yako ni nzima na eafoni ni nzima. Faili la kwanza ndilo lenye kasoro. Ruka mpaka sehemu ya kurekebisha faili.

3. Jaribu eafoni nyingine. Ya rafiki inasikika pande zote? Basi yako waya umekatika, mara nyingi karibu na pini pale inapokunjwa kila siku.

4. Angalia tundu la eafoni. Vumbi na nyuzi za mfukoni hujaa humo, pini haiingii mpaka mwisho, sauti inatoka upande mmoja. Zima simu, toa uchafu taratibu kwa kijiti kikavu cha meno. Usitumie sindano wala pini ya chuma, na usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji.

5. Angalia mizani ya sauti. Ndani ya simu kuna mstari wenye alama ya kushoto na kulia. Ukiguswa bahati mbaya na kusogea mwisho, upande mmoja unazimika kabisa, hata kama eafoni ni mpya. Rudisha alama katikati.

Namna ya kuwasha mono

Simu nyingi kwetu zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo nitataja maneno utakayoyaona kwenye kioo chako.

Kwa simu za Android, fungua Settings, ingia Accessibility. Kwenye Samsung utaona Hearing enhancements, na ndani yake Mono audio. Simu nyingine zinaiweka moja kwa moja chini ya Accessibility au zinatumia jina tofauti kidogo. Njia ya mkato: juu ya Settings kuna sehemu ya kutafuta. Andika neno mono tu, simu nyingi zitakupeleka hapo zenyewe. Mizani ya kushoto na kulia mara nyingi iko karibu hapohapo.

Kwa iPhone, fungua Settings, Accessibility, kisha sehemu ya Audio na Visual. Utakuta Mono Audio na mizani yake.

Washa, kisha rudia wimbo uleule kwa sikio moja. Utashangaa! Sauti uliyodhani haipo, kumbe ilikuwepo siku zote.

Na jambo moja la afya hapa. Mtu anayesikia nusu ya wimbo huongeza sauti akidhani ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda unavyopaswa kupungua. Ukishawasha mono, punguza sauti. Tunza hilo sikio linalokufanyia kazi.

Faili lenye upande mmoja

Hii hutokea sana tunaporekodi wenyewe. Maikrofoni moja imechomekwa kwenye kifaa cha kurekodi cha stereo, kifaa kinaijaza njia ya kushoto na kuacha ya kulia tupu. Msikilizaji anadhani eafoni yake imekufa.

Kama faili ni la kusikiliza tu, washa mono kwenye simu yako, yatosha. Lakini kama ni faili la kuwatumia watu, lirekebishe kwanza, usiwape watu mia kazi ambayo mmoja angeimaliza kwa dakika tano. Kwenye kompyuta tumia Audacity, ni programu ya bure. Fungua faili, kwenye menyu ya wimbo chagua Split Stereo to Mono, futa mstari ule uliolala kimya, kisha hifadhi nakala mpya kama mono. Baki na faili la awali pembeni, usilifute.

Faida nyingine ni bando. Faili la MP3 la mahubiri ya dakika 30, likihifadhiwa stereo kwa kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama MB 29. Mazungumzo yakihifadhiwa mono kwa kilobiti 64, ni kama MB 14 na bado yanasikika vizuri. Kwa ndugu wa mwambao anayenunua bando kidogokidogo, hiyo tofauti siyo ya kupuuza.

Sauti inayopotea kabisa

Hii ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Unarekodi kutoka kwenye mixa ya kanisani. Ukivaa eafoni unasikia vizuri tu, ingawa sauti inaleta kizunguzungu fulani, kama haina katikati. Unamtumia mama nyumbani, anaicheza kwa spika ya simu yake. Kimya! Au anasikia mvumo wa mbali tu, mwimbaji hayupo.

Kisa chake ni hiki. Simu nyingi za bei nafuu zina spika moja, kwa hiyo hujumlisha kushoto na kulia zenyewe. Sasa fikiria watu wawili wenye nguvu sawa wameshika mtumbwi mmoja, mmoja anauvuta kuelekea ufukweni, mwingine kuelekea ziwani. Wote wanatoa jasho, mtumbwi hauendi popote. Baadhi ya mixa hutoa sauti kwa nyaya mbili zinazobeba mawimbi yaleyale lakini yaliyogeuzwa, moja likipanda jingine linashuka. Mfumo huo ni mzuri kwa kuondoa kelele za njiani, ili mradi kifaa cha upande wa pili kimetengenezwa kuupokea. Ukitumia waya usiofaa, wimbi moja linaingia kushoto na pacha wake aliyegeuzwa anaingia kulia. Ukivijumlisha, jibu ni sifuri.

Dawa yake: gawa faili kama tulivyofanya juu, futa upande mmoja, baki na mwingine. Kwa kuwa pande zote zina maudhui yaleyale, hupotezi kitu. Kwa faili hili kuwasha mono kwenye simu hakusaidii, kunaharibu zaidi. Na Dominika ijayo mwombe fundi akupe waya sahihi.

Kabla hujabonyeza kutuma

Hapa ndipo somo letu lote linapoelekea. Kabla ya kutuma wimbo, tafakari au katekesi ya sauti, isikilize mara tatu kwa sekunde chache: kwa eafoni ya kushoto peke yake, kwa ya kulia peke yake, kisha kwa spika ya simu bila eafoni. Kama maneno yote yanasikika mara zote tatu, tuma.

Kwa nini nijisumbue hivyo, utauliza, wakati mimi nasikia? Soma Marko 7:31-37. Watu wanamleta kwa Yesu mtu asiyesikia na mwenye shida ya kusema. Angalia anachofanya Bwana kabla ya muujiza: anamtoa pembeni, mbali na umati. Anagusa masikio yake kwa vidole. Anatumia ishara ambazo mtu asiyesikia anaweza kuzielewa. Hamlaumu kwa kutosikia. Ndipo anasema Efatha, yaani funguka. Kanisa bado linaibeba ishara hiyo katika ibada ya Ubatizo, mhudumu anapogusa masikio na kinywa cha mbatizwa. Na Torati nayo, katika Walawi 19:14, inakataza kumlaani kiziwi. Kumwita mwenzako mzembe wakati wewe ndiye uliyemtumia nusu ya wimbo, je, hakuko mbali sana na hilo?

Tunaye pia msimamizi. Mtakatifu Fransisko wa Sales alimfundisha kijana kiziwi katekisimu kwa ishara, mpaka akaweza kupokea Komunyo. Kanisa linamheshimu kama msimamizi wa viziwi na pia wa waandishi wa habari. Sikukuu yake ni tarehe 24 Januari.

Na sisi wa Ruvuma tuna urithi wa pekee. Wamisionari Wabenediktini walioanza Peramiho mwaka 1898 walileta Injili wakiishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na Kanuni hiyo inaanza kwa mwaliko wa kusikiliza, tena kwa sikio la moyo. Papa Fransisko alirudi kwenye maneno hayo ya sikio la moyo katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 2022. Kwa hiyo kusikiliza ni msingi tuliojengewa.

Maswali ya kujitafakari

1. Katika kwaya yetu, VIWAWA yetu au jumuiya yetu, nani husikia kwa shida, na tumewahi kumuuliza anahitaji nini?
2. Je, nawahukumu watu kwa kutoelewa jambo ambalo halikuwafikia lote?
3. Faili gani nimeshatuma ambalo naweza kulirekebisha wiki hii na kulituma upya?

Zoezi la wiki: mtafute mtu mmoja, babu, bibi au rafiki mwenye sikio moja linalosikia, umuombe ruhusa, umwashie mono kwenye simu yake. Kisha kaa naye, msikilize naye wimbo mmoja mpaka mwisho.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyegusa masikio ya yule mtu wa Dekapoli, gusa na ya kwetu. Utufundishe kusema kwa namna ambayo kila ndugu atasikia, na kuwasubiri kwa upole wale ambao sauti zetu bado hazijawafikia. Mtakatifu Fransisko wa Sales, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo. Mtumie na mwenzako wa kwaya somo hili.